Dakika Hamsini Kwenda Tabatinga

Jumatatu, 14 Agosti

Marinilce kapiga simu asubuhi, nikiwa natundika bembea za kulalia ninazouza kibandani kwangu hapa bandarini Manaus. Ubatizo ni Jumapili hii, saa tatu asubuhi, kanisani kwao Tabatinga. Mjukuu wangu wa pili! Mke wangu Osmarina yuko huko tangu mwezi uliopita, anabeba mtoto na kunikaripia kwa simu.

Nikauliza baba wa ubatizo ni nani. Binti yangu akasema mimi na mkwe mwenzangu Adalmiro tumemchosha, hataki ugomvi tena, basi babu atakayefika wa kwanza ndiye atakayemsimamia mtoto. Nikamsikia Osmarina kule nyuma akicheka. Mimi sikucheka.

Adalmiro ni baba wa mume wa Marinilce. Anauza barafu soko la samaki, jirani tu na kibanda changu, kwa hiyo namwona kila siku ya Mungu, nitake nisitake. Ana watoto wa ubatizo saba, akiwemo mjukuu wetu wa kwanza. Mimi, mtu wa miaka hamsini na minne, nisiyekosa Misa hata mvua ishuke na mapaa ya watu, sina hata mmoja. Hata mmoja! Yule mjukuu wa kwanza akija Manaus hunipita kama nguzo ya umeme, anamkimbilia Adalmiro mikono mbele: “Nibariki, baba wa ubatizo!” Adalmiro humbariki taratibu, macho kwangu.

Safari hii, hapana. Safari hii mikono ile itakuja huku.

Hesabu. Tabatinga iko juu kabisa ya mto Solimões, mpakani. Kwa maji, kilomita elfu moja na mia sita hivi. Meli ikishuka, siku nne. Ikipanda, siku saba, na abiria wanashuka wamezeeka. Kwa anga ni kilomita elfu moja na mia moja. Ndege nayo ikipanda mto lazima ichoke. Kupanda ni kupanda. Lakini hata ichoke vipi, haitachoka kama meli.

Nitaruka! Sijaruka tangu nizaliwe. Ee Bwana, nishike mkono.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Nimeona ni ishara. Mama yetu alipaa leo, nami nikaenda kukata tiketi ya kupaa.

Msichana wa dirishani akanipa karatasi. Kuondoka Manaus Jumamosi saa sita kamili mchana. Kufika Tabatinga saa saba kasoro dakika kumi. Nikasoma. Nikavaa miwani, nikasoma tena. Nikahesabu kwa vidole chini ya kaunta. Dakika hamsini!

Kilomita elfu moja na mia moja, tena za kupanda, kwa dakika hamsini! Kwenda kwa dada yangu ng’ambo ya mto huwa natumia zaidi.

Sikumuuliza chochote yule msichana. Huenda amekosea, na nikimwamsha ataniongezea dakika. Nikamshukuru, nikamwombea mchumba mwema, nikatoka kinyumenyume.

Njia nzima nimewaza. Meli hupanda polepole, ndege inapanda kama mshale. Vipi? Kisha nikakumbuka samaki jaraqui. Majira ya kutaga, huwaoni wakishuka kwa furaha. Wanapanda, tena kwa fujo, wanarukaruka hadi wanaingia mitumbwini wenyewe. Kumbe ndege ni ukoo wa jaraqui! Imeumbwa kupanda. Nashangaa hakuna aliyeligundua hili kabla yangu.

Jumatano, 16 Agosti

Adalmiro kaja kibandani na kikombe chake cha kahawa. Akaniuliza, kama mtu asiye na neno, nitasafirije. Mimi nikamwambia, kama mtu asiye na neno, kwamba nitapanda boti la mwendo kasi la Ijumaa alfajiri, lile linalofika Jumamosi jioni. Twende wote, mkwe! Tukae pamoja, tucheze domino, tufike pamoja, binti achague mwenyewe.

Akasema watu wanasema ndege ni ya haraka zaidi. Nikashusha pumzi ya mtu aliyeona mengi. Nikamweleza kwamba ndege ni ya haraka ikishuka mto. Ikipanda, upepo wote wa bonde unaigonga puani, injini inahema, inalazimika kulala njiani, mji wa Tefé. Abiria wanasinzia wameketi, magoti kidevuni, kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Akauliza kwani ndege inapita majini? Nikamwambia upepo unafuata mto, mkwe, hata mtoto wa shule anajua. Akatazama juu. Akafanya ishara ya msalaba. Uso wake ukawa mweupe kama bidhaa yake.

Amekwisha! Nimeimba hadi kufunga kibanda. Kisha nikapiga magoti nikaomba nisamehewe, maana nimedanganya. Lakini si sana. Nimedanganya kuhusu upepo tu, na upepo ni mali ya kila mtu.

Ijumaa, 18 Agosti

Alfajiri, gatini. Nimefika nimejishika tumbo. Nikamwambia Adalmiro kwamba jaraqui wa jana wamenikataa, siwezi kupanda boti, atangulie, nitafuata nikijaliwa. Nikakunja uso vizuri sana. Mama mmoja muuza uji alinipa maji ya moto bila kuombwa.

Adalmiro akanishika bega. Akasema pole, mkwe, kanywe chai ya majani ya boldo ulale. Sauti yake laini kabisa. Nikaona haya kidogo. Nikampa bembea nzuri kuliko zote kibandani, ile ya mistari ya buluu. Boti la mwendo kasi lina viti tu, hakuna pa kuitundika, lakini zawadi ni zawadi. Boti likaondoka. Nikapunga mkono mmoja, mwingine tumboni, hadi lilipopotea kwenye kona. Kisha nikapanda ngazi za gati mbilimbili!

Nimenunua mshumaa wa ubatizo, taulo jeupe, na kicheni cha dhahabu chenye medali ya Bikira. Nimekijaribu shingoni kwangu. Hakifungi. Shingo ya mjukuu wangu itakuwa ndogo, utamu mtupu.

Nimempigia Osmarina. Nimemwambia kesho nikiondoka saa sita, kabla ya saa saba niko Tabatinga, aweke maji ya kahawa motoni nitakapopaa. Akasema, “Ercílio, umekunywa nini?” Wanawake wa leo hawana imani.

Jumamosi, 19 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Nilipanda ndege na mfuko mmoja, samaki tambaqui wa kuchoma, unga wa muhogo, na bembea yangu. Nikamuuliza mhudumu ndoano za kutundikia ziko wapi. Akasema hakuna ndoano. Nikamwambia anionyeshe tu nguzo, kamba ninayo. Akanikalisha na kunifunga mkanda mwenyewe, kama mtoto.

Jirani yangu alikuwa mwanaume mwenye upara, kavaa jezi ya mpira. Nikamgawia tambaqui. Alikula kama aliyefunga Kwaresima mbili mfululizo.

Tukaruka! Ee Mama wa Mungu! Mto ukawa kamba, kisha uzi. Nilicheka kwa sauti. Nilimpungia mkono Adalmiro huko chini, popote alipo, anapigwa mawimbi.

Saa saba kasoro dakika kumi. Nikatengeneza kola. Nikasubiri kushuka. Hatushuki. Saa saba kamili. Chini ni misitu tu. Nikamwita mhudumu, nikamuuliza kwa upole kama rubani anaijua njia. Akatabasamu, akasema bado dakika hamsini.

Bado dakika hamsini! Zile zile! Hazijapungua hata moja! Tumesimama angani!

Basi nikajua. Tumepotea, na kosa ni langu. Kuna mtu kwenye ndege hii amemdanganya mkwe wake, na dhoruba inamtafuta. Dhoruba haikuwepo, jua lilikuwa kali sana, lakini hiyo ndiyo inayotisha zaidi. Nikatoa rozari, nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Bibi wa nyuma akaitikia. Kisha upande wote wa kushoto ukaitikia. Mhudumu akapita akiomba watu watulie, nasi tukamwombea na yeye.

Sikuweza tena. Nikamshika mkono yule wa jezi, nikamwambia ndugu yangu tunakufa, nisikilize. Nikamwaga yote. Upepo wa uongo, tumbo la uongo, Tefé, kuku wa sokoni. Alisikiliza akilamba mafuta ya samaki vidoleni. Nilipomaliza akajifuta kwa leso, akasema kwamba yeye ni Padri Gaudêncio, paroko wa Tabatinga ni mgonjwa, naye anakwenda kubatiza watoto kesho.

Nilipiga yowe. Bibi wa nyuma alidhani ndio tunaanguka, akapiga lake.

Padri akanipa kitubio: nimwambie Adalmiro ukweli wote kabla maji hayajamgusa mtoto. Nikauliza kama rozari tano hazitoshi. Hapana. Kumi na tano? Hapana. Na kufunga Ijumaa? Akasema mwanangu, tambaqui wako mtamu, usiniharibie.

Tukatua. Watu walinipigia makofi, au walimpigia rubani. Nikaingia ukumbini, nikatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi.

Nikatazama yangu ya mkononi. Saa nane kasoro dakika kumi.

Nikapiga magoti pale pale kati ya mikokoteni ya mizigo. Aliyewahi kulisimamisha jua atashindwa kurudisha saa moja kwa mzee muuza bembea? Rozari zetu! Mungu kachukua saa yetu iliyopotea angani, kaifuta vumbi, katurudishia!

Padri Gaudêncio akaninyanyua. Akasema Tabatinga saa zao ziko nyuma ya Manaus kwa saa moja, siku zote, kwa sababu jua linachelewa kufika huku magharibi. Ndege imeruka saa moja na dakika hamsini, kama kila siku. Mtumishi mnyenyekevu! Hataki sifa ya muujiza aliouona kwa macho yake.

Marinilce akafungua mlango. Wa kwanza! Nimefika wa kwanza! Mjukuu alikuwa amelala, ngumi shavuni. Nikasimama hapo hadi miguu ikafa ganzi. Osmarina alininusa, akasema nikaoge.

Adalmiro kaingia jioni, mwekundu kama kaa wa kuchemsha, bembea yangu begani. Nilikusudia kumwambia. Lakini alikuwa anakula, na mtu anayekula haambiwi mambo. Kisha akalala. Tena nikiwaza vizuri, kama Mungu ananirudishia saa nzima, hawezi kuwa amenikasirikia sana. Kitubio kimelegea kidogo.

Osmarina kanitaka nirudishe mshale wa saa yangu nyuma. Sirudishi! Saa ile nimepewa juu ya zangu. Nikivuta mshale nyuma ni kama naitupa zawadi mtoni.

Jumapili, 20 Agosti

Nimeamka, nimenyoa, nimevaa suti. Saa yangu inasema tatu kasoro robo. Nakuta nyumba nzima bado inatafuta soksi! Osmarina ana vibanio vya nywele kichwa kizima. Marinilce ananyonyesha, anasema baba tulia, bado saa nzima na zaidi. Nikamtafuta Adalmiro. Bembea tupu!

Katoroka! Ametangulia kanisani kumsubiri mtoto, na hawa wote wanamsaidia kwa kujichelewesha! Nikachukua mshumaa, taulo na kicheni, nikakimbia. Mtu wa rika langu, kwenye joto la Tabatinga, ndani ya suti ya harusi.

Saa ya mnarani ilikuwa nyuma kwa saa moja. Mbovu, kama saa za makanisa yote.

Ndani, Adalmiro hayupo. Nikashukuru. Lakini penye kisima cha ubatizo kulikuwa na kijana na mkewe, wamebeba mtoto wa kike mwenye gauni jeupe, na Padri Gaudêncio akitazama mlango kila mara. Kijana ni Ednelson, fundi wa injini za mitumbwi kutoka kijiji cha huko juu. Ubatizo wao ulikuwa wa saa mbili, na baba wa ubatizo wao amekwama mtoni, injini imekufa. Fundi, na injini imemfia mtu wake! Mkewe analia kimyakimya. Nauli yao ya kurudi ni ya boti la leo hii.

Ednelson akaniona na mshumaa wangu, taulo langu na suti yangu. Akasema, “Mzee, nakuomba. Msimamie binti yetu.”

Kwetu mtu akiombwa hivyo hakatai. Ni kama kumfungia mtoto mlango wa mbinguni usoni. Nikatazama mlangoni. Watu wangu hawajaja. Nikafikiri, nitafanya haraka haraka, watu hata hawatajua.

Nikamchukua. Anaitwa Jandira. Mzito kama gunia dogo la unga. Padri alipomwaga maji hakulia. Alinikamata kidole akanitazama, macho meusi, kama anayetaka kujua mimi ni nani hasa na nimetoka wapi. Mshumaa ukawaka. Sijui nini kilinipata. Nilijikuta nafunga kicheni shingoni mwake, machozi yananidondoka kwenye tai. Mama yake akauinua mkono wangu, akauweka juu ya kichwa cha mtoto, akanong’ona kwa niaba yake, “Nibariki, baba wa ubatizo.”

Nilimbariki mara tatu. Mara moja haikutosha.

Hapo ndipo mlango ukafunguka na ukoo wangu wote ukaingia, wamepigwa pasi, na Adalmiro mbele amebeba mfuko wa mikate. Alikwenda kununua mikate! Marinilce akatazama mtoto wa watu mikononi mwangu, kicheni, mshumaa uliobaki kipande. Akasema, “Baba. Umefanya nini?”

Padri akanikazia macho. Nikakumbuka kitubio. Nikamwambia Adalmiro yote, mbele ya watu, nikiwa bado nimempakata Jandira. Nilitegemea angalau anikaripie.

Alicheka hadi akashika benchi. Akasema, “Mkwe, mimi kupanda ndege? Hata ungeniambia inafika kabla haijaondoka, nisingepanda!” Alikwisha kata tiketi ya boti tangu Jumatatu. Tumbo langu aliliona la uongo, maana nililishika upande wa kulia, kisha wa kushoto. Na safari ilikuwa tamu, kashinda domino mara nyingi, kafunga bembea yangu nyuma penye mapipa ya mafuta, kalala kama askofu.

Ujanja wangu wote! Hakudanganyika hata kidogo! Nilihisi nimeibiwa.

Nikamkumbusha Marinilce kwamba nilifika wa kwanza. Akasema, “Ndiyo, Baba. Ulifika wa kwanza Tabatinga, na leo umefika wa kwanza kanisani, ukawahi mpaka ukamsimamia mtoto wa watu. Mshumaa umekwisha, kicheni kimekwenda. Mwachie mzee Adalmiro huyu, wewe wako unaye.” Osmarina akaunga mkono, vibanio viwili vimemsahaulika nyuma ya kichwa. Padri akasema amina kabla sijajibu.

Adalmiro akamsimamia mjukuu wangu. Wa nane huyo! Mjukuu akamkojolea mkono wa shati mpaka kiwiko. Nilimwimbia Mungu kwa moyo wote.

Niliwasindikiza Ednelson na mkewe hadi mtoni. Nikawapa taulo jeupe, Jandira alikuwa amelitapikia tayari. Wamesema kuanzia leo sisi ni ndugu, na binti ataletwa Manaus nimwone. Boti lao likapanda mto. Nilisimama gatini hadi jua likanichoma upara, ingawa sina upara sana.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimeamka mwepesi. Nimetoa tiketi ya kurudi ili niifurahie. Nikaisoma. Nikavaa miwani.

Kuondoka Tabatinga saa nane mchana. Kufika Manaus saa kumi na moja kasoro dakika kumi!

Karibu saa tatu nzima! Kushuka! Nikakaa kitandani nikawaza kwa makini, na ghafla nikaelewa kila kitu, na sidhani kuna askofu aliyewahi kuelewa hivi. Kupanda, mtu anapewa saa. Kushuka kwa ndege, anapokonywa ile ile. Osmarina anasema ndivyo Padri alivyonieleza uwanjani. Sivyo kabisa. Padri alisema jua.

Basi sirudi na ndege! Wanisubiri! Nitashuka kwa meli, siku nne, bembea yangu imetundikwa, na saa yangu niliyopewa nitafika nayo Manaus ndani ya mfuko, nzima nzima. Adalmiro naye anarudi kwa meli. Nimemficha sababu. Kila asubuhi safarini nitamtazama nikijua kwamba mimi ni mdogo kuliko nilivyokuwa, kwa saa moja.

Na sasa mpango. Nimeuandika mara mbili nisiusahau. Nikipanda kwa ndege na kushuka kwa meli, kila safari ni faida ya saa moja. Safari ishirini na nne ni siku nzima. Siku nzima, yangu peke yangu! Mjukuu wa tatu akija, nitakuwa mlangoni jana yake, nimeoga, mshumaa mkononi, wakati Adalmiro hata hajapewa habari. Nani ataniwahi?

Nimemwambia Marinilce asikawie kunipatia wa tatu, na anijulishe mapema kidogo, maana safari ishirini na nne si mchezo.

Kanirushia kandambili. Ikanikosa. Nadhani ni ile saa, imeanza kufanya kazi.